Donner Memorial State Park, Truckee: tumelala usiku tatu pale walipokwama watu wa 1846

Mimi ni dereva wa lori, kazi yangu kubwa ni Sacramento kwenda Reno na kuendelea mbele, kwa hiyo barabara kuu ya I-80 pale juu ya milima ya Sierra Nevada nimeipita mpaka kona zake nazijua kama nilivyozijua za mlima Kitonga enzi zile nikiwa nyumbani Tanzania. Kila nikipita naliona lile ziwa kule chini, Donner Lake, na kibao cha hifadhi pembeni, ila sijawahi kusimama hata siku moja, dereva wa lori haangalii ziwa, anaangalia saa. Mwaka huu mama yangu kaja kutoka Njombe kukaa na wajukuu miezi mitatu, siku moja nampeleka Reno na gari dogo, tulipofika pale akaniuliza, "Mwanangu, ziwa hili linaitwaje?" Nikamwambia Donner. "Donner ndiye nani?" Hapo nikajikuta sina la kumjibu zaidi ya kwamba kuna watu walikufa njaa hapo zamani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa watu wamekufa hapo, na wewe unapita kila wiki?" Yaani lile neno lilinikaa. Usiku wa siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta nafasi ya kupiga hema.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mnaokaa California au Nevada mnaotaka kutoka na familia, maana nilipokuwa natafuta sikuona hata mmoja aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu hapa.

Kwanza mambo ya kuweka nafasi. Unaweka mtandaoni kwa ReserveCalifornia, nafasi zinafunguliwa miezi sita kabla, na wikiendi za Julai na Agosti zinaisha mapema sana, usijidanganye kwamba utaamka Ijumaa asubuhi ukapata. Sisi tulibahatika kwa sababu kuna mtu alighairi, tukapata Jumapili mpaka Jumatano mwisho wa Julai, na nashauri hata wewe kama ratiba inaruhusu chukua siku za katikati ya wiki. Tulilipa dola 35 kwa usiku, na ada ya kuweka nafasi kama dola 8 mara moja. Viwanja ni zaidi ya 150 vimegawanywa sehemu tatu, Ridge, Splitrock na Creek, kila kiwanja kina meza ya mbao, duara la chuma la kuwashia moto, na kabati la chuma la kufungia chakula kwa ajili ya dubu. Vyoo vya kuflashi vipo, mabafu ya maji moto yapo ya kulipia. Umeme hakuna kabisa, hata mwenye RV, lile gari la kulalia, hachomeki popote, kwa hiyo chajini simu mapema na mje na tochi za kutosha.

Hilo kabati la dubu lichukulieni kwa uzito. Dubu weusi wapo kweli, na sio nyama na mkate tu, hata dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka ya mtoto, chochote chenye harufu kinaingia kabatini. Mke wangu alisahau pakiti moja ya biskuti kwenye begi la mtoto ndani ya hema, akakumbuka saa nne usiku tumeshalala, ilibidi nitoke na baridi ile nikaifungie. Bora usumbufu huo.

Na baridi, jamani. Mimi ni mtu wa Njombe, baridi naijua, nimekua nayo. Pale ni kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hapaachani sana na kwetu, lakini hewa yao ni kavu, mchana jua linakuchoma mpaka unavua koti, likizama tu joto linakimbia lote. Usiku ilishuka kama nyuzi 5 na hiyo ni Julai. Mama ndiye aliyekuwa amejiandaa kuliko sisi wote, alikuja na khanga mbili, kitenge, sweta zito na kofia yake ya sufu, akalala kwenye kitanda cha kukunja bila shida. Sisi wengine tulikuwa na godoro la upepo nililonunua duka moja huku Sacramento, usiku wa kwanza likapungua upepo polepole mpaka saa tisa tuko chini kwenye ardhi, watoto wanatetemeka, ikabidi wote wawili wakalale na bibi yao. Nimelirudisha. Chukueni godoro la povu la kukunja, halina upepo wa kuisha.

Pa kulala penyewe ni pazuri mno. Miti mirefu ya misindano, kijito kinapita karibu, na mama alipofungua mlango wa gari kitu cha kwanza alivuta pumzi akasema "hii ni harufu ya nyumbani," maana kwetu Njombe misindano imejaa kila kilima. Kuna aina moja pale inaitwa Jeffrey, ukisogeza pua kwenye ufa wa gome lake jua likiwa limeipiga unasikia harufu tamu kama vanila ya keki, watoto wangu walizunguka kunusa mti mmoja baada ya mwingine. Ziwa ni mwendo mfupi tu, kuna ufukwe mdogo wa familia unaitwa China Cove, maji safi lakini ya baridi, wale wa kwangu waliingia mpaka magotini wakatoka mbio. Urefu wa ziwa ni kilomita 4 na kitu, watu wanavua, wanapiga kasia. Mbu wapo jioni, pakeni dawa.

Kelele niseme ukweli, ipo. Barabara kuu haiko mbali na usiku unasikia malori, na treni za mizigo zinapita juu mlimani upande wa kusini. Mimi nililala kama mtoto, hiyo ndiyo sauti ya kazi yangu, ila mke wangu usiku wa kwanza hakupata usingizi mpaka alfajiri. Anayetaka kimya cha porini kabisa hapa sipo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kuna jengo la makumbusho pale mlangoni, lilifunguliwa 2015, na mbele yake kuna mnara mkubwa wenye sanamu za shaba, baba, mama na watoto wao, wanatazama mbele. Huo mnara ulizinduliwa Juni 1918, na waliokuwepo siku hiyo ni pamoja na Patty Reed na Eliza Donner, mabibi wazee wakati huo, ambao walikuwa watoto wadogo mle mle kwenye theluji ya 1846. Kitako cha mawe chini ya sanamu kina futi 22, karibu mita 7. Binti yangu wa miaka 9 akauliza kwa nini jiwe ni refu hivyo, nikamsomea kwamba ndio kimo kinachosemwa theluji ilifika majira yale. Akasimama chini yake akainua mkono juu, akaangalia ulipoishia mkono wake, halafu akaangalia juu. Hakusema kitu. Mimi mwenyewe nimefunga cheni matairini nikiwa na theluji ya magoti na kuona ni balaa, hapo nilikuwa natazama kitu ambacho kingelifunika lori zima na bado kikabaki.

Kisa chenyewe kwa kifupi. Aprili 1846 familia za Donner na Reed waliondoka Springfield, Illinois, na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wanaenda California kutafuta maisha, kama sisi tu tulivyokuja huku na masanduku yetu. Njiani wakajiunga na wengine mpaka msafara ukawa watu 87, karibu nusu yao watoto. Kulikuwa na mtu anaitwa Lansford Hastings aliyekuwa anawatangazia watu njia ya mkato kupita kusini mwa ziwa la chumvi la Utah, wao wakamwamini. Ile njia haikuwa njia. Ilibidi wakate miti na kusogeza mawe kwenye milima ya Wasatch ili magari yapite, wakaingia kwenye jangwa la chumvi wakapoteza ng'ombe wengi kwa kiu, na hesabu ikaja kuonyesha mkato ule ulikuwa mrefu kuliko njia ya kawaida. Mpaka wanafika kwenye ziwa hili mwishoni mwa Oktoba na kuingia Novemba, theluji imeshaanza, wakajaribu kupanda mlima wakashindwa, wakarudi chini kungoja. Wakangoja mpaka 1847.

Kwetu tunaambiwa haraka haraka haina baraka na mimi huo msemo nimeubandika moyoni tangu nimeanza kushika usukani. Lakini pale nilisimama nikakumbuka ule mwingine, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Virginia Reed, dada yake Patty, alikuwa binti wa miaka 13 alipookolewa, na Mei 1847 alimwandikia binamu yake barua, akamwambia wasichukue kamwe njia za mkato na waende haraka kadiri wanavyoweza. Mtoto wa miaka 13! Kila dereva mpya ninayemfundisha kazi sasa namwambia hayo maneno, maana simu inakuonyesha njia fupi mlimani huko na mtu anaingia na trela la tani 30.

Kutoka kwenye mnara kuna njia fupi ya kutembea mpaka kwenye jiwe kubwa, kubwa kama nyumba ya chumba kimoja. Hapo ndipo kilikuwa kibanda cha familia ya Murphy, mojawapo ya zile za msafara, jiwe lenyewe ndio lilikuwa ukuta wa upande mmoja na walikuwa wanawasha moto dhidi yake. Limebandikwa bamba la chuma lenye majina, waliokufa na waliopona. Mama hajui Kiingereza, akamwambia binti yangu amsomee. Basi mtoto akawa anasoma jina moja moja polepole, bibi anarudia kwa matamshi yake ya Kibena, Murphy, Eddy, Foster, Graves, na kila familia anauliza "na hawa walibaki wangapi?" Watu wengine waliokuwa wanapita pale wakasimama wakavua kofia. Sikupiga picha.

Najua mtu akisikia Donner anakimbilia lile la kula watu. Ni kweli lilitokea, walipoishiwa ng'ombe, wakala mbwa, wakachemsha ngozi, baadhi wakafika kula miili ya waliokwisha kufa. Makumbusho hayalifichi na hayalifanyi kuwa kitisho cha watoto, yanaliweka mahali pake, na mimi niliwaambia wangu kwa maneno machache wakaelewa kuliko nilivyodhani. Binti akauliza, "Baba, wangefanya nini sasa?" Ila kuna mengine yanayostahili kusimuliwa zaidi kuliko hilo. James Reed, baba yao Virginia na Patty, alifukuzwa na wenzake njiani baada ya kumuua mtu kwenye ugomvi, akatangulia California bila familia yake, angeweza kukaa huko salama, lakini akakusanya watu akarudi na theluji ile kuwatafuta mke na watoto wake, na familia yake yote ilipona. Patty alikuwa na miaka 8 walipokwama, kwenye kuokolewa akawa ameficha kidoli chake kidogo cha mbao ndani ya nguo, kidoli hicho kimehifadhiwa kwenye ngome ya zamani ya Sutter's Fort hapa Sacramento. Disemba watu 15 walivuka mlima kwa viatu vya kutembelea kwenye theluji kwenda kutafuta msaada, siku 33, wakafika 7, na kati ya hao 7 wanawake ni 5. Na Tamsen Donner, waokoaji walifika wakamwambia twende, mume wake anakufa kwa kidonda cha mkono, akawatoa mabinti zake wadogo watatu waende, yeye akabaki na mume. Mke wangu hapo alitoka nje akakaa kwenye benchi. Walionusurika kwa jumla ni 48 hivi.

Familia za Donner wenyewe hawakufika ziwani, walikwama Alder Creek, kama kilomita 10 kutoka hapo, baada ya ekseli kuvunjika. Muende na huko, ni karibu tu na gari kwa barabara ya 89, ni bonde la nyasi na miti, kimya, njia ya kutembea ni nyepesi hata mama aliimudu. Kwangu mimi pale paliuma kuliko kwenye mnara. Hawakuwa hata na vibanda, ni mahema na matawi.

Kitu ambacho watu wengi wanakiruka mle ndani ya makumbusho ni kisa cha miaka miwili kabla. 1844 msafara wa Elisha Stephens ulivuka mlima huu huu, wao ndio wa kwanza kupitisha magari Sierra, na hawakupoteza mtu hata mmoja, bali watoto walizaliwa njiani. Waliacha magari mengine ziwani na kijana wa miaka 17, Moses Schallenberger, akabaki kwenye kibanda majira ya theluji, peke yake baada ya wenzake wawili kuondoka, akitega mbweha kwa mitego mpaka akaja kuchukuliwa Februari. Mwenyewe alisema nyama ya mbweha ilikuwa tamu ila koyote, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, hailiki hata uipikeje. Kibanda hicho hicho ndicho familia ya Breen wa msafara wa Donner walikuja kuingia 1846, na mnara umesimama hapo hapo. Sehemu moja, theluji ile ile, msafara mmoja ukatoka mzima na mwingine ukaisha nusu. Nililala nalifikiria hilo.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na Wawasho, watu wa asili wa maeneo hayo, makumbusho yameanza na wao na nimefurahi. Wazee wao wanasimulia kwamba waliwaona wale waliokwama na walijaribu kuwapelekea chakula, wakaogopwa. Halafu kuna ukuta wa Wachina waliojenga reli ya Central Pacific, maelfu yao, walipasua granaiti ya mlima huu kwa mikono na baruti, tobo kubwa la kileleni lina zaidi ya mita 500 na lilikamilika 1867. Nilimweleza mama, akasema kumbe ni kama Wahindi wa reli ya Mombasa. Ndiyo hivyo hivyo. Ukipanda na barabara ya zamani kwenda kileleni utauona ukuta wa mawe walioupanga bila saruji na bado umesimama.

Chakula tulipika wenyewe, jiko dogo la gesi, ugali, dagaa na maharage. Maharage ondokeni nayo yameshachemshwa, kwa urefu ule maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100 na utamaliza mtungi wa gesi bure. Kuni msibebe kutoka mbali, wanakataza kwa ajili ya wadudu wa miti, nunueni hapo Truckee mjini, na muulize askari wa hifadhi kama moto unaruhusiwa siku hiyo maana kiangazi kikikolea wanaweza kuzuia. Askari wenyewe wapole, mmoja alikaa na watoto akawaeleza nyayo za dubu na za koyote mpaka nikaona aibu kumsumbua.

Mimi nawapa nyota 5, ile nusu ya kelele za barabara mke wangu aipunguze mwenyewe. Mwenye watoto wa kuanzia miaka 6 au 7 na kuendelea, aende, akae angalau usiku mbili, ukifika mchana ukaondoka jioni utaona mnara tu na hutaisikia ile baridi ya usiku, na bila baridi ile kisa hakieleweki. Madereva wenzangu, lori haliingii mle, njooni na gari la nyumbani.

Mama alirudi Njombe mwezi Septemba. Novemba theluji ya kwanza imenikuta natokea Reno, wametuamuru tufunge cheni, saa tatu usiku niko kandokando ya barabara na glavu zimelowa, kule chini giza tupu ndipo tulipokuwa tumelala. Nilipomaliza nikampigia, kwake saa mbili asubuhi, nikamwambia mama niko pale pale ziwani. Akauliza theluji imefika wapi. Nikamwambia ya vifundoni tu. Akasema, "Basi usikae hapo, mwanangu, vuka."